Sidi Mubarak Bombay: Mngwana aliyepita Bambarre na Nyangwe, kisha akaonekana kwenye televizio ya Uingereza

Mwaka wa 1971, jioni za mwezi wa tisa na wa kumi, familia nyingi za Uingereza zilikaa mbele ya televizio kuangalia filme ya vipindi sita iliyotengenezwa na BBC. Jina lake lilikuwa The Search for the Nile, yaani safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Siku zile Uingereza nzima ilikuwa na chaneli tatu tu: BBC1, BBC2 na ITV. Hakukuwa na kurudisha nyuma wala kuangalia kesho kwenye simu. Kipindi kikipita, basi kimepita. Nyumba nyingi bado zilikuwa na televizio ya picha nyeusi na nyeupe, ingawa BBC2 ilikuwa imeanza kurusha picha za rangi tangu mwaka wa 1967. Kwa hiyo watu walimaliza kula mapema, wakavuta viti, wakaenda Afrika kwa saa moja bila kutoka sebuleni.

Filme hiyo ilipigwa Afrika kwenyewe. Msimulizi alikuwa James Mason, mwigizaji mwenye sauti iliyojulikana sana. Wakubwa wa hadithi walikuwa Wazungu: Burton, Speke, Grant, Baker, Livingstone na Stanley. Mwaka uliofuata filme ilionyeshwa Marekani vilevile, ikapata zawadi ya Emmy.

Lakini katikati ya wale mabwana wenye kofia kuna mtu mmoja mweusi anayerudi tena na tena. Yuko na Burton. Yuko na Speke mara mbili. Yuko na Stanley. Mabwana wanabadilika, wengine wanakufa, wengine wanagombana, yeye anabaki. Aliyemwigiza ni Seth Adagala, mwana wa Kenya. Na mtu aliyeigizwa si wa kubuniwa. Ni Sidi Mubarak Bombay, aliyeishi kweli, na ambaye miguu yake ilipita milima ya Bambarre na soko la Nyangwe mwaka wa 1874. Wakaaji wa Kasongo na Kabambare wana sababu ya kumjua kuliko wale waliomwona Uingereza kwenye kioo.

Mtoto wa Uyao aliyeuzwa kwa nguo

Bombay alizaliwa karibu na mwaka wa 1820 katika nchi ya Wayao, upande ambako leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa na wale waliosimulia maisha yake. Alikuwa bado kijana mdogo, wa miaka kama 12, wakati wafanyabiashara wa pwani walipokifikia kijiji chao na bunduki. Hadithi aliyomsimulia Speke baadaye ni kwamba kijiji kilikuwa na deni la bidhaa, na wafanyabiashara walikuja kulidai kwa nguvu. Watu walikimbia au walikamatwa. Yeye alifungwa, akapelekwa Kilwa, akabadilishwa kwa vipande vya nguo.

Kutoka Kilwa alipelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar akavushwa bahari hadi India. Huko alimtumikia bwana wake miaka mingi. Huko pia ndiko alikopata majina tunayomjua nayo. Sidi ni jina ambalo watu wa India waliwaita Waafrika waliofika kwao. Mubarak, maana yake aliyebarikiwa, ni jina ambalo watumwa wengi waliwekewa. Na Bombay ni ule mji mkubwa wa bahari upande wa magharibi wa India. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililotoka Uyao.

Bwana wake alipokufa, aliachwa huru. Angeweza kubaki India, kama Sidi wengi walivyobaki, na vizazi vyao wako huko mpaka leo. Yeye akarudi. Alipofika Zanzibar hakuwa na kijiji cha kurudia wala jamaa wa kumpokea. Akajiandikisha askari wa Sultani, akapangwa kwenye kituo kidogo cha Chogwe, si mbali na mji wa Pangani. Mshahara ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa kulinda tu. Hapo ndipo Waingereza wawili walipomkuta mwaka wa 1857.

Mdomo wa Speke

Waingereza hao walikuwa Richard Burton na John Hanning Speke. Burton alijua lugha nyingi, Kiarabu kikiwemo, na alikuwa anajifunza Kiswahili. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Lugha moja ya mashariki aliyoweza kuisema kidogo ni Kihindustani, aliyoipata jeshini India. Bombay pia alikijua Kihindustani, cha kuungaunga, alichokipata utumwani. Basi Speke akampata mtu wa kumsemea. Wakalipa deni alilokuwa nalo kituoni, wakamchukua.

Msafara uliondoka pwani katikati ya mwaka wa 1857, ukapita Tabora, ukafika Ujiji mwezi wa pili 1858. Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, hapo ndipo hadithi inapokaribia nyumbani. Mwezi wa tatu 1858 Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi pamoja na Bombay, wakafika kisiwa cha Kasenge upande wa magharibi. Speke alienda kuomba jahazi la mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Sheikh Hamed. Jahazi hakulipata. Alichopata ni maneno: kwamba huko kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa.

Swali lilikuwa moja tu. Mto huo unaingia ziwani au unatoka? Kama unatoka, basi huenda ndio Nile yenyewe. Sheikh alisema kwa lugha yake, Bombay akageuza kwa Kihindustani, Speke akasikia kwamba unatoka. Alirudi Ujiji na furaha kubwa.

Mwezi wa nne Burton na Speke wakapiga makasia mpaka Uvira. Huko wana wa chifu wakawaambia bila kusitasita kwamba mto Rusizi unaingia ziwani. Kila mtu wa Uvira alilijua hilo, juu ni mto wao. Bombay naye akasema kwamba Sheikh Hamed kule Kasenge alikuwa na maana hiyohiyo, na kwamba maneno yalipinduka njiani. Wapiga makasia waliogopa kuendelea mbele, kwa hiyo Wazungu hawakuuona mdomo wa mto kwa macho. Kwa sababu hiyo mabishano yaliendelea London miaka mingi. Vyuo, magazeti na mabwana wakubwa walibishana juu ya kitu ambacho mvuvi wa Uvira angekijibu kwa neno moja.

Kosa lile lilibebeshwa mkalimani. Lakini ukiliangalia vizuri, Bombay alikuwa anavuka lugha tatu kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja kati yake aliyofundishwa shuleni. Yule aliyemtegemea hakuwa na njia ya kuhakikisha.

Mwezi wa nane mwaka huohuo Burton alikuwa amebaki Tabora. Speke akaenda kaskazini na Bombay, wakafika kwenye ziwa kubwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza na ambalo Speke alilipa jina la malkia wake, Victoria. Speke akasema hapa ndipo Nile inapotoka. Burton akakataa. Urafiki wao uliishia hapo, na ugomvi huo ndio uliowakalisha Waingereza mbele ya televizio miaka 113 baadaye.

Meno yaliyopotea na medali iliyokuja

Speke alirudi Afrika mwaka wa 1860, safari hii na James Grant. Bombay akawa mmoja wa wakubwa wa msafara. Walipita Karagwe kwa mfalme Rumanika, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa, na mwezi wa saba 1862 Speke akaona mahali ambapo maji yanatoka ziwani na kuanza kuwa Nile. Mwezi wa pili 1863 wakafika Gondokoro, katika nchi ambayo leo ni Sudani Kusini, kisha wakashuka mto mpaka Misri. Bombay aliyetoka Zanzibar akaiona Cairo.

Njiani kulitokea jambo ambalo halikusahaulika. Katika ugomvi wa kambini Speke alimpiga Bombay ngumi za uso mbele ya watu. Miaka ilipopita Stanley alimkuta na pengo la meno, akaandika juu ya pengo hilo kwa dhihaka. Bombay alikasirika, kisha akarudi kazini. Wengine watasema ni uaminifu. Lakini mtu aliye katikati ya bara, bila bunduki yake mwenyewe wala malipo mkononi, anarudi pia juu hana pahali pengine pa kwenda. Sehemu ya mshahara wa wapagazi na askari ililipwa safari ikiisha. Aliyetoroka alipoteza.

Baada ya safari hiyo Shirika la Kijiografia la Kifalme la London lilimpa medali ya fedha kwa sehemu yake katika kutafuta chanzo cha Nile. Speke mwenyewe alikufa kwa bunduki yake mwezi wa tisa 1864, siku moja kabla ya mkutano ambapo angekabiliana na Burton.

Ujiji, na habari zilizotoka Nyangwe

Mwaka wa 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, alifika Zanzibar kumtafuta David Livingstone. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta watu waliowahi kwenda na Speke. Akampata Bombay, akamfanya mkubwa wa askari wake. Msafara ukapita katikati ya vita vya Mirambo karibu na Tabora, na mwishoni mwa mwaka ukaingia Ujiji.

Livingstone aliyekutwa Ujiji alikuwa ametoka Maniema. Alikuwa amefika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mwezi wa tisa 1869, na mwaka wa 1870 alilala huko miezi mingi akiwa na vidonda vya miguu. Watu wa kijiji cha Moenekuss walimwona mzee wa Kizungu asiyeweza kutembea, anayengoja madawa na barua zisizofika. Mwezi wa tatu 1871 akafika Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Karatasi ziliisha, akawa anaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino uliotengenezwa na mimea. Maandishi hayo yalififia kiasi kwamba wataalamu walihitaji kamera za mwanga wa pekee kuyasoma tena, kazi iliyotangazwa mwaka wa 2011.

Kilichoandikwa humo ni kizito. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki sokoni Nyangwe, siku ambayo wanawake kwa mamia walikuwa wamekuja na samaki, mafuta, kuku na vyungu. Wengi walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, Lualaba ikawachukua. Hesabu aliyopewa Livingstone ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Hakuweza tena kukaa. Akarudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na hapo ndipo Stanley alipomkuta.

Kwa hiyo Bombay alizisikia habari za Nyangwe kabla hajafika huko. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa kijiji kilichovamiwa kwa bunduki za pwani. Mwisho wa mwaka huo Stanley na Livingstone walienda kaskazini kwa mtumbwi, wakafika kwenye mdomo wa Rusizi. Maji yalikuwa yanaingia ziwani. Watu wa Uvira walikuwa wamesema kweli miaka 13 nyuma.

Maniema, mwaka wa 1874

Safari iliyomleta Bombay kusini mwa Maniema ni ile ya nne. Mwaka wa 1873 mwanajeshi wa majini Verney Lovett Cameron alitumwa kumpelekea Livingstone msaada. Bombay akawa kiongozi wa watu wake. Walipokuwa Tabora mwezi wa kumi, wakakutana na Chuma na Susi na wenzao waliobeba maiti ya Livingstone kuelekea pwani. Mtu waliyetumwa kumsaidia alikuwa ameshakufa. Wenzake wote Cameron wakaishia njiani: mmoja alikufa kwa homa mapema, mwingine alijiua, wa tatu akarudi pwani na maiti. Cameron akabaki Mzungu peke yake, na Bombay akabaki katika msafara kama mtu aliyeyajua vizuri mambo ya safari kubwa.

Mwaka wa 1874 wakavuka Tanganyika. Wakauona mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea Lualaba. Kisha wakatembea magharibi, wakapita nchi ya Ubudjwe, wakapanda milima ya Bambarre, wakaingia kwa Wamanyema.

Mambo aliyoyaandika Cameron juu ya nchi hii hayafanani na ile Afrika ya pori tupu ambayo Wazungu wengi walikuwa nayo kichwani. Alikuta vijiji vyenye nyumba zilizopangwa kwa mistari, na barabara pana katikati. Alikuta wahunzi waliokuwa na tanuru za kuyeyusha chuma na mivuo ya kuchochea moto, akachora picha zake. Alikuta mashamba na masoko ya siku maalum. Msafara ukapita Kwakasongo, kituo cha wafanyabiashara wa pwani, na mwezi wa nane ukafika Nyangwe.

Pale Nyangwe kazi kubwa ilikuwa kupata mitumbwi. Cameron alitaka kuufuata Lualaba mpaka mwisho wake. Wenye mitumbwi walikataa. Waingereza waliona ni ukaidi. Lakini ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu siku ya soko. Kumpa mgeni mwenye bunduki mtumbwi ni kumpa njia ya kuvuka na kushambulia ng'ambo ya pili. Kukataa kwao kulikuwa na akili.

Hata bila mitumbwi, Cameron alifanya kitu kimoja cha maana. Kwa vyombo vyake alipima urefu wa Nyangwe kutoka usawa wa bahari, akaona kwamba iko chini kuliko Gondokoro, mahali ambapo Nile inapita. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba haiwezi kuwa Nile, ni lazima iende upande mwingine, kwenye mto Kongo. Stanley alikuja kuhakikisha hilo kwa kuondoka Nyangwe mwishoni mwa 1876 na kufika kwenye bahari ya Atlantiki mwaka wa 1877. Hesabu ilikuwa imefanyika tayari kwenye ukingo wa Lualaba, katika nchi ambayo leo ni teritware ya Kasongo. Mtu aliyekuwepo Nyanza na Speke mwaka wa 1858, ugomvi ulipoanza, alikuwepo pia Nyangwe. Ni Bombay.

Nyangwe alikuja pia Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana kama Tippu Tip, ambaye baada ya muda mfupi aliifanya Kasongo makao yake makuu. Aliukaribisha msafara kwenye kambi yake upande wa Lomami. Chifu wa huko hakuruhusu wenye bunduki kupita nchini kwake, kwa hiyo wakageuka kusini hadi kwa mfalme wa Waluba. Mfalme huyo aliitwa Kasongo Kalombo, na hapa msomaji asichanganye: Kasongo huyo ni jina la mtu, si mji wa Kasongo.

Kwa Waluba walikwama miezi mingi. Kisha wakafuatana na mfanyabiashara kutoka upande wa Angola, José Antônio Alvez. Mtu wa Alvez akajiunga njiani na wanawake zaidi ya 50 waliofungwa kamba. Cameron alikadiria kwamba ili kuwapata hao, vijiji kama kumi vilikuwa vimeharibiwa. Bombay aliyewahi kufungwa kamba kuelekea Kilwa, bahari ya mashariki, sasa alitembea kwenye msafara mmoja na watu waliofungwa kamba kuelekea bahari ya magharibi. Na misafara ya Wazungu nayo haikuwa na mikono safi: ilikula chakula cha vijiji, iliingia na bunduki, na ilitembea kwenye njia zilezile za pembe na watumwa.

Mwezi wa kumi na moja 1875 wakafika Atlantiki, karibu na Benguela. Cameron akaandikwa kuwa Mzungu wa kwanza kukata Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay naye alitembea kilometa zilezile, zikiwa juu ya zile za safari tatu za kwanza. Kwa jumla inakadiriwa alitembea karibu kilometa 9 600 maishani mwake, nyingi kwa miguu. Yeye na wenzake wakarudishwa Zanzibar kwa merikebu mwaka wa 1876.

Pauni 15 kwa mwaka

Shirika la Kijiografia la London likampangia malipo ya uzeeni: pauni 15 kwa mwaka. Bombay alikuwa amepita miaka 50. Alikaa Zanzibar mpaka alipokufa mwaka wa 1885.

Mwaka huo una uzito kwa Kongo nzima. Mwezi wa pili 1885 mkutano wa Berlin ulimalizika, na Leopold wa pili akapata Kongo kama mali yake. Ramani zilizowekwa mezani zilitoka kwenye safari kama zile alizoziongoza Bombay. Miaka minane baadaye, mwaka wa 1893, majeshi ya Leopold yaliiteka Nyangwe, kisha Kasongo. Njia ambazo wapagazi walizijua kwa kichwa zikawa njia za askari na mpira.

Tofauti na Tippu Tip, ambaye aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, Bombay hakuacha kitabu. Tunamjua kupitia mabwana zake. Burton alimsifia uaminifu na kumcheka sura. Speke alimpenda na kumpiga. Stanley alimdharau. Cameron alilalamika kwamba amezeeka na anapenda pombe. Maneno ni yao, hasira ni zao. Lakini kila mmoja alipopanga safari, alimtafuta yeye. Hilo linasema zaidi kuliko lawama zao.

Kilichobaki Maniema

Watu kama Bombay waliitwa wangwana, yaani watu wa pwani walio huru, hata kama wengi wao walikuwa wamezaliwa bara na kupitia utumwa. Waliingia Maniema kama askari, wapagazi, wafanyabiashara na wakalimani. Wengine walifanya mabaya makubwa. Wengine walioa, wakakaa, wakalima mpunga. Lugha waliyoileta ikachukua jina lao: Kingwana. Ndicho Kiswahili kilichopanda kutoka Kasongo na Nyangwe kufuata Lualaba mpaka Kindu na Kisangani, na ambacho watu wanasalimiana nacho sokoni mpaka leo. Maniema nao ikatoa watu wake. Wamanyema waliochukuliwa au kuondoka wakajenga mitaa yao Ujiji, Bujumbura na miji mingine ya mashariki.

Turudi mwaka wa 1971. Waingereza walioangalia televizio jioni zile walimwona Bombay kama mtumishi wa wengine, juu ndivyo vitabu vilivyomweka. Lakini ni kitu kidogo cha maana kwamba uso waliouona ulikuwa wa Mwafrika wa mashariki, si Mzungu aliyepakwa rangi kama ilivyozoeleka kwenye filme nyingi za zamani. Seth Adagala mwenyewe hakubaki mwigizaji wa safari za wengine. Mwaka wa 1976 aliongoza jukwaani Nairobi mchezo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, mpiganaji wa uhuru wa Kenya, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, na watu walijaa ukumbini. Na mwaka uleule wa 1971, tarehe 27 Oktoba, Kongo ilibadilishwa jina ikaitwa Zaire, na mto ukapewa jina hilohilo. Kila upande ulikuwa unatafuta namna ya kujisimulia upya.

Mwaka wa 2009 Shirika lilelile la London lililompa Bombay pauni 15 lilifungua maonyesho juu ya watu waliofichwa katika historia ya safari: wakalimani, waongozaji, wapagazi. Jina la Bombay lilikuwepo. Ilichukua miaka 124 tangu kifo chake.

Wakaaji wa Kabambare na Kasongo hawana haja ya kungoja maonyesho ya mbali. Sehemu ya njia ya msafara ule iko chini ya miguu yao. Wazee wanaojua ni wapi misafara ilivuka mito, ni vijiji gani vilihama kuikwepa, na ni familia gani zilitokana na wangwana waliobaki, bado wanaweza kuulizwa. Bombay alihojiwa na Mzungu mmoja, kwa lugha ya kuazima, na hicho ndicho kilichookoa habari za utoto wake. Wazee hawa wanaweza kuhojiwa na wajukuu wao kwa lugha yao wenyewe.